Mnururisho wa Vyombo vya Umeme na Minara ya Simu: Mambo Yawapasayo Wanachama Kuyafahamu

Si jambo la ajabu siku hizi, mkutano mkuu wa chama cha msingi unapofika kwenye ajenda ya "mengineyo", mwanachama kusimama na kuuliza juu ya mnara wa simu. Aghalabu kampuni huwa imekiomba chama kiwanja kilicho nyuma ya ghala ili isimamishe mnara wake, nacho chama kimeahidiwa kodi ya kila mwaka. Mmoja husema fedha hiyo itatosha kuezeka ghala upya. Mwingine husema mnara utawaletea watoto saratani. Wa tatu huuliza mbona simu zote zilizomo mifukoni mwa wajumbe hutegemea minara hiyohiyo. Mkutano hugawanyika, na katibu, ambaye ndiye hutazamiwa kuwa na jibu, hubaki hana la kusema.

Swali hilo halistahili kubezwa. Mwanachama anayeuliza juu ya afya ya watoto wake anatimiza wajibu wake. Lakini yafaa ieleweke kwamba uamuzi unaohusu mali ya chama haupaswi kusimama juu ya uvumi, wala juu ya tamaa ya kodi. Makala haya yanaeleza mnururisho wa umeme ni kitu gani, wataalamu wameona nini hadi sasa, na kamati ifanye nini ombi la mnara linapofika mezani.

MNURURISHO NI NINI

Mwaka 1865 mtaalamu wa Uskoti, James Clerk Maxwell, alichapisha maelezo yake kwamba nguvu ya umeme na nguvu ya sumaku husafiri pamoja kama wimbi, na kwamba mwanga wenyewe ni wimbi la namna hiyo. Baada ya miaka ishirini na ushei, Heinrich Hertz wa Ujerumani aliyathibitisha maneno hayo kwa majaribio. Jina lake ndilo linalotumika hadi leo kuhesabia mapigo ya wimbi: hertzi moja ni pigo moja katika sekunde moja.

Mawimbi haya yote ni ukoo mmoja, bali hayafanani kwa tabia. Umeme wa gridi unaowasha taa za ofisi hupiga mara 50 kwa sekunde. Redio za FM hupiga kama mara milioni 100. Simu za mkononi hupiga mara milioni 900, au milioni 1,800, au zaidi. Mwanga wa jua tuuonao hupiga mamia ya trilioni. Juu ya mwanga kuna miale ya urujuanimno, kisha eksirei ya hospitalini, kisha miale ya gama itokayo katika madini kama urani.

Tofauti iliyo kubwa kuliko zote ni hii. Nishati ya wimbi huja kwa vipande vidogo vidogo, na kadiri mapigo yanavyokuwa mengi ndivyo kila kipande kinavyokuwa na nguvu zaidi. Mtu anayetaka kuangua embe bichi anaweza kurusha vipande elfu vya pamba asilipate. Lakini jiwe moja likigonga kikonyo, embe huanguka. Vipande vya eksirei na vya gama ni mawe: kila kimoja kina nguvu ya kuvunja viungo vya ndani ya chembe hai za mwili, na chembe iliyovunjika vibaya yaweza kugeuka kuwa saratani. Wilhelm Röntgen alivumbua eksirei mwaka 1895, na wengi wa waliozitumia mwanzoni bila kinga waliungua mikono, na baadhi yao wakafa. Ndiyo sababu mtumishi wa chumba cha eksirei husimama nyuma ya ukuta wenye risasi.

Mawimbi ya simu, redio, televisheni na umeme wa nyumbani ni pamba. Kipande kimoja hakina nguvu ya kuvunja kiungo cha chembe hai, hata vikija vingi namna gani. Hata hivyo pamba nyingi ikirundikwa mahali pamoja huleta joto, na joto hilo ndilo dhara lililothibitishwa la mawimbi ya redio. Oveni ya maikrowevu hupikia kwa njia hiyo hiyo: hutoa mawimbi yenye mapigo milioni 2,450 kwa sekunde, kwa mamia ya wati, ndani ya sanduku la chuma lililofungwa. Mlango wake ukiwa mzima, mawimbi hubaki ndani. Mlango ukipinda au ukipasuka, oveni hiyo isitumiwe mpaka fundi aitengeneze.

VYOMBO VYA NYUMBANI NA OFISINI

Kila waya unaopitisha umeme umezungukwa na uga wa sumaku, ambao hupimwa kwa maikrotesla. Shirika la Afya Duniani limechapisha vipimo vya vyombo vya kawaida. Pasi ya umeme, ikipimwa sentimita 3 kutoka ilipo, hutoa maikrotesla 8 hadi 30. Katika umbali wa sentimita 30, kipimo hushuka hadi 0.12 mpaka 0.3. Katika umbali wa mita moja, hushuka hadi 0.01 mpaka 0.03. Televisheni katika mita moja hutoa 0.01 hadi 0.15. Kiwango cha juu kilichopendekezwa mwaka 2010 na tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya minururisho ya namna hii, kwa watu wa kawaida, ni maikrotesla 200.

Funzo la hesabu hizo ni moja: umbali ndio kinga. Mtu aliyekaa hatua mbili kutoka kwenye jokofu au kompyuta ya chama amekwisha kujikinga bila kununua kitu chochote.

Hofu juu ya nyaya za umeme ilianzia Denver, Marekani, mwaka 1979. Watafiti wawili, Nancy Wertheimer na Ed Leeper, walitangaza kwamba watoto waliokufa kwa saratani walikuwa wameishi zaidi katika nyumba zilizokaribiana na nyaya zenye mkondo mkubwa. Uchunguzi mwingi ulifuata. Mwaka 2000 matokeo ya nchi mbalimbali yalikusanywa pamoja, ikaonekana kwamba watoto wachache sana walioishi katika uga wa wastani uliozidi maikrotesla 0.4 walipatwa na saratani ya damu kama mara mbili ya wenzao. Wataalamu hawakuweza kueleza uga mdogo kiasi hicho ungeletaje ugonjwa, wala majaribio ya maabara hayakuonyesha njia yake. Kwa hiyo mwaka 2002 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, liliuweka uga huo katika daraja liitwalo 2B, yaani "huenda husababisha saratani".

NENO "HUENDA" LINA MAANA GANI

Hapa ndipo uvumi mwingi unapozaliwa. Mwezi wa Mei 2011 wataalamu 31 kutoka nchi 14 walikutana Lyon, nao wakayaweka mawimbi ya redio, pamoja na yale ya simu, katika daraja hilo hilo la 2B. Magazeti mengi yaliandika kwamba simu huleta saratani. Wataalamu hawakusema hivyo.

Daraja la kwanza ni la vitu vilivyothibitishwa pasipo shaka kwamba huleta saratani, kama tumbaku na miale ya jua. Daraja 2A ni la vitu ambavyo yaelekea sana huileta. Daraja 2B ni la vitu ambavyo dalili zake ni chache na hazijatosha kuthibitisha wala kukanusha. Wakulima wa kahawa wanao mfano wa karibu. Mwaka 1991 kahawa yenyewe iliwekwa katika 2B, kwa kudhaniwa kwamba huenda huleta saratani ya kibofu cha mkojo. Kwa miaka 25 zao lililosomesha watoto wa wanachama wengi lilikuwa katika orodha hiyo. Mwaka 2016, baada ya uchunguzi mwingi zaidi, liliondolewa. "Huenda" ni neno la mtu mwaminifu ambaye bado anachunguza, si hukumu.

Tangu 2011 uchunguzi umeendelea. Kabla ya hapo, Denmark ilikwisha kufuatilia watu zaidi ya 420,000 walioanza kutumia simu kati ya 1982 na 1995, na taarifa iliyotolewa mwaka 2006 haikuona ongezeko la saratani miongoni mwao. Uchunguzi mkubwa wa nchi 13 uliochapishwa mwaka 2010 haukuona hatari kwa watumiaji kwa jumla, ingawa watumiaji wakubwa kupita wote walionyesha dalili iliyobishaniwa, kwa kuwa wagonjwa waliombwa kukumbuka matumizi yao ya miaka iliyopita. Uingereza ilifuatilia wanawake zaidi ya 776,000. Taarifa ya mwaka 2022 haikuona tofauti ya uvimbe wa ubongo kati ya waliotumia simu na wasiotumia. Mwaka 2024 mapitio yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani, yaliyokusanya taarifa 63, yalifikia uamuzi kwamba matumizi ya simu hayaambatani na saratani ya ubongo.

Ni haki kutaja pia jambo la upande wa pili. Mwaka 2018 taasisi ya serikali ya Marekani ilitangaza kwamba panya madume waliowekwa katika mawimbi makali mwili mzima, saa tisa kila siku kwa miaka miwili, walipata uvimbe wa moyo zaidi ya wenzao. Lakini mawimbi hayo yalizidi kwa mbali yale yampatayo mtu wa kawaida, na panya hao hao waliishi muda mrefu kuliko wale wasiowekewa mawimbi. Matokeo kama hayo ni sababu ya kuendelea kuchunguza, si sababu ya kukimbia nyumba.

SIMU NA MNARA WAKE

Wengi huogopa mnara kwa kuwa ni mrefu na huonekana toka mbali, nao hawaiogopi simu kwa kuwa ni ndogo. Hesabu ni kinyume. Nguvu ya wimbi hupungua upesi kadiri mtu anavyokwenda mbali: umbali ukiwa mara mbili, nguvu hubaki robo, ukiwa mara kumi, hubaki sehemu moja katika mia. Aliyewahi kusoma kwa mwanga wa karabai anajua jambo hilo. Mnara uko makumi ya mita juu, na antena zake huelekeza mawimbi mbele, si chini ya miguu yake. Simu imegusana na sikio.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba vipimo vilivyofanywa karibu na minara vilionyesha mawimbi ya kati ya asilimia 0.002 na asilimia 2 ya kiwango kilichoruhusiwa kimataifa. Kiwango chenyewe kwa mwili mzima wa mtu wa kawaida kimewekwa mara 50 chini ya kile ambacho joto lake lingeanza kudhuru.

Lipo na jambo jingine lisilofahamika na wengi. Simu hupandisha na kushusha nguvu yake yenyewe. Mnara ukiwa karibu, simu hunong'ona. Mnara ukiwa mbali, hupiga kelele. Mwanachama aishiye bondeni, ambaye hulazimika kupanda kichuguu ili apate mtandao, hupata mawimbi mengi zaidi kichwani mwake kuliko mwenzake aishiye jirani na mnara. Kwa hiyo kijiji kinachoukataa mnara hakijayakataa mawimbi.

Mahali penye hatari ya kweli ni mbele ya antena zenyewe, kwa umbali wa mita chache. Fundi apandapo huko hana budi kuhakikisha kwamba zimezimwa. Mtu mwingine yeyote asipande mnara kamwe, na watoto wazuiwe kwa uzio na kufuli.

Hofu isiyopimwa nayo ina hasara zake. Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, minara kadhaa ilichomwa moto huko Uingereza kwa uvumi kwamba ndiyo iliyoeneza ugonjwa, na watu wakakosa mawasiliano siku walipoyahitaji kuliko siku zote.

WAFANYA BIASHARA YA HOFU

Palipo na hofu hapakosi muuzaji. Kuna vibandiko vya kubandika nyuma ya simu, na mikufu ya shingoni, ambavyo huuzwa kwa madai kwamba huzuia mnururisho. Serikali ya Marekani imewaonya watu wake kwamba vitu hivyo havina faida iliyothibitishwa, na kwamba vinaweza kuizuia simu isipate mtandao vizuri, hata ikalazimika kutoa nguvu zaidi. Mwezi wa Desemba 2021 mamlaka ya Uholanzi ya usalama wa nyuklia ilipima vitu kumi vya namna hiyo, baadhi yake mikufu, ikakuta kwamba vyenyewe vinatoa mnururisho wa kweli, ule ulio kama mawe. Aliyeuvaa mkufu kujikinga na pamba alijifunga jiwe shingoni. Fedha za chama zisitumike kununulia vitu hivyo, hata mjumbe gani akivisifu.

HATARI ZISIZOHITAJI DARUBINI

Wakati wanachama wanabishana juu ya mnara, hatari zilizothibitishwa zimo ndani ya nyumba na mashamba yao.

Kwanza ni umeme wenyewe. Volti 230 huua kwa kugusa, si kwa mawimbi. Ofisi nyingi za vyama zina waya zilizochubuka, soketi zilizolegea, na mashine zisizo na waya wa athi. Kifaa cha kukata umeme unapovuja, kinachofanya kazi mara mkondo ufikapo miliampea 30, huokoa maisha. Kadhalika, mtu asijenge wala asipande miti chini ya nyaya za msongo mkubwa: waya unaweza kukatika, na mti unaweza kuufikia.

Pili ni moshi wa jikoni. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa kuni, mkaa na nishati nyingine chafu za majumbani uliua watu kama milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Chama kinachowakopesha wanachama wake majiko bora kimeokoa mapafu mengi kuliko kile kinachofukuza mnara.

Tatu ni jua. Miale yake iko katika daraja la kwanza la saratani, pamoja na tumbaku. Kwa ndugu wenye ualbino hatari hiyo ni kubwa mno, na wengi wao ni wakulima au watoto wa wakulima. Kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua, na kazi za kivulini kama kupima na kuandika stakabadhi ghalani, ni mambo ambayo kamati inaweza kuyapanga msimu huu huu.

Nne ni simu barabarani. Dereva anayezungumza na simu huelekea kupata ajali kama mara nne zaidi ya asiyefanya hivyo. Anayepanda pikipiki na simu imebanwa kwenye kofia yake asiulize juu ya saratani kabla hajaiweka simu mfukoni.

YAIPASAYO KAMATI

Ombi la mnara likifika, kamati isilikubali wala isilikatae siku hiyo hiyo. Yafuatayo yafanywe kwa utaratibu:

1. Kampuni itakiwe kuleta kwa maandishi vibali vyake, pamoja na maelezo ya urefu wa mnara na mwelekeo wa antena.

2. Mkataba uandikwe kwamba mawimbi yatapimwa baada ya mnara kuwashwa, hasa penye shule, zahanati na nyumba za jirani. Hapa Tanzania, Tume ya Nguvu za Atomiki ndiyo yenye wataalamu wa mambo ya mnururisho, na chama kinaweza kuiandikia. Matokeo ya vipimo yasomwe mkutanoni.

3. Jenereta iangaliwe kwa makini. Kelele zake usiku, moshi wake na mafuta yanayomwagika karibu na ghala la mazao ni kero zinazojulikana, na mara nyingi husahauliwa kwa kuwa watu wote wanatazama juu.

4. Mkataba utaje kodi, muda wake, njia ya kuipandisha, uzio, nani atalipa mtu au mali ikidhurika, na nani ataung'oa mnara mkataba utakapokwisha.

5. Uamuzi ufanywe na mkutano mkuu baada ya wanachama kuelezwa yote, pande zote mbili, wala usifanywe na wajumbe watatu baada ya chai.

Mwanachama ambaye bado ana wasiwasi anazo njia zisizo na gharama. Atumie spika au waya wa masikioni ili simu iwe mbali na kichwa. Aandike ujumbe pale ambapo si lazima kuzungumza. Afupishe mazungumzo mahali penye mtandao hafifu. Asilale na simu chini ya mto. Aliyewekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo aiweke simu sentimita 15 au zaidi kutoka kilipo kifaa hicho, na afuate maagizo ya daktari wake. Anayesikia kichwa kikimuuma kila siku asiridhike kuulaumu mnara. Aende zahanati, kwani maumivu yake ni ya kweli hata kama sababu yake ni nyingine, na yaweza kuwa shinikizo la damu.

Mwisho, katibu asisahau kitabu cha muhtasari. Aandike nani aliuliza, alijibiwa nini, hati gani zilionyeshwa, na kura zilikuwaje. Mnara unaweza kusimama miaka mingi, na watoto wanaoogopewa leo ndio watakaokuwa wanachama kesho. Siku watakapouliza wazee wao waliamua kwa sababu gani, jibu walikute katika maandishi.